Mahari Yenye Pangaboi

Mbwamaji, Dar es Salaam
7 Februari 1954

Kwa mke wangu Hija, uliyeko Tanga kwa mwizi,

Salamu zitangulie, zikae, zipewe maji, ndipo maneno yafuate. Sie huku wazima. Mbuzi kazaa pacha, paa la jikoni limevuja, na mie babu yako Marijani bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote Mbwamaji, labda hata Kigamboni nzima. Anayeandika ni Albano, karani wa shamba la minazi, mtu wa Songea. Nimemwambia asibadilishe neno. Kanitazama vibaya, lakini anaandika.

Mzigo umefika. Nilikwenda mwenyewe bandarini, tukaubeba mie na wapagazi, yaani wao walibeba na mie nikatoa amri. Tulipofungua lile sanduku watu wote walisogea karibu. Mashine ya kupachika kwenye mashua, ina tangi lake kichwani kama kofia, na chini pangaboi la kusukumia maji, lenye mapezi matatu. Haiderali wa dukani alikuja na miwani yake akaizunguka kama anatafuta mlango. Nikamwambia hii ni mahari. Akauliza mahari ya nani. Nikamwambia, mjukuu wangu Hija ni mke wangu toka siku aliyozaliwa, kama desturi yetu ilivyo, akaja kijana wa Tanga anaitwa Mbwana, fundi wa mashine za bandarini, akaniibia. Sasa moyo umemsuta, kaleta mahari.

Mwambie mwizi nimepokea, ila sijamsamehe. Na mwambie ahsante. Hilo la ahsante liseme kwa sauti ndogo.

Najua kwa nini mmeileta. Macho ya bibi yako yamefunga utando. Juzi katia chumvi kwenye chai, nikainywa yote nikasifu. Kutembea mpaka kwenye kivuko hawezi, punda kashamwangusha mara moja na hawasemeshani mpaka leo. Daktari wa macho yuko mjini, lakini anasema ataka kwenda kwao likizo mwisho wa Juni, na akienda haijulikani nani atakuja. Basi mie na mashine yangu tutampeleka bibi yako mpaka Magogoni, ng'ambo ya mjini, kabla chai haijapoa, ya sukari au ya chumvi.

Maelezo ya kuiwasha usijisumbue kutuma. Mie nilishaziba tundu la mashua kwa kisigino toka Mafia mpaka hapa, samaki wakininyonya unyayo. Kamashine haka kataniweza?

Ni mie mumeo wa kwanza,
Marijani

*

Tanga
26 Februari 1954

Babu yangu mpenzi, shikamoo. Na bibi umfikishie shikamoo yake kabla hujamwambia neno lingine, maana wewe ukianza hekaya zako salamu za watu zinalala kwako.

Sie wazima. Mbwana anakuamkia sana, na kile kisigino kakicheka mpaka kadondosha spana.

Babu, hukutaka maelezo lakini Mbwana kaninong'oneza na mie naandika. Petroli uichanganye na ile oili ya kwenye kopo jekundu tuliyoiweka ndani ya sanduku, uitikise vizuri, ndipo utie kwenye tangi. Ukiipachika kwenye tezi, nyuma ya mashua, kaza skrubu zote mbili, tena uifunge na kamba, isije ikaruka baharini. Kisha fungua koki ya petroli, ziba hewa kwa kile kibati kidogo, zungushia kamba kichwani, ndipo uvute. Na jambo kubwa: mashine hii haina kusubiri. Ikiwaka inaondoka hapo hapo. Kwa hiyo elekeza omo, pua ya mashua, baharini, si kwa watu.

Bibi amekubali kupanda? Umenyamaza kuhusu hilo.

Mjukuu wako,
Hija

*

Mbwamaji
21 Machi 1954

Mke wangu wa moyo,

Tunakusalimu sie na mbuzi na pacha wake, mmoja nimempa jina Mbwana kwa sababu anaiba mihogo.

Mashine inafanya kazi vizuri mno. Jumamosi niliishusha mbele ya watu wote. Nikavuta kamba, ikaguruma, wanawake wakapiga vigelegele, na mie nikazunguka. Nilizunguka, nikazunguka tena, pale pale mbele ya ufuko, ili kila mtu aone vizuri. Albano ananikoholea hapa, ana vumbi kooni. Nilizunguka mpaka mashine yenyewe ikachoka ikanyamaza, nami nikashuka kwa heshima.

Bibi yako alikuwa kakaa ufukoni, anasikiliza. Nilipofika akaniambia, "Marijani, umekwenda wapi?" Nikamwambia nimekwenda mbali sana. Akasema, "Mbona sauti haikuondoka?" Mwanamke akipungua macho masikio yanaongezeka, ni taabu.

Kuhusu kupanda, anasema alipanda chombo changu mara moja zamani akaishia kuolewa, na kosa halirudiwi. Lakini nitamshawishi.

Sasa kuna jambo dogo, si langu. Nina rafiki yangu mmoja, humjui, naye ana mashine kama hii hii. Yeye aliona ile oili ya kopo nyepesi, haina nguvu, kama maji ya kunawia. Akafikiri, yeye ni mtu wa bahari, mashua zote toka enzi za babu zetu zinapakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na ndiyo yanayozifanya ziishi. Basi kitu cha mashua kipewe chakula cha mashua. Akaichanganya petroli na sifa. Siku ya kwanza ilikwenda kwa ile oili iliyobaki, ya pili ikatoa moshi mweupe mzito, paka wote wa Mbwamaji wakaja ufukoni kwa harufu ya samaki wa kukaanga, halafu ikazima na haijasema tena. Rafiki yangu ni mjinga, mie nilimwambia. Lakini ana mke mgonjwa, namwonea huruma. Muulize mwizi afanye nini.

Marijani, nahodha wa mashine

Mwandishi Albano naye anasalimu. Hana la kuongeza, ameapishwa.

*

Tanga
12 Aprili 1954

Babu, shikamoo. Bibi, shikamoo.

Nimeisoma barua yako, nikafika kwenye moshi wa samaki, nikatoka nje mbio kutapika. Kusoma tu, babu. Sijui nina nini siku hizi. Mbwana kaimalizia kusoma yeye.

Mwambie rafiki yako hivi. Sifa yote imwagwe. Tangi lisuuzwe kwa petroli safi. Kile kidude cheupe kilichochomekwa ubavuni kinaitwa plagi, kifunguliwe kwa spana, kitakuwa cheusi na kinanata. Akisugue kwa brashi na petroli mpaka king'ae. Kisha avute kamba plagi ikiwa nje, mafuta mabovu yatoke. Oili nyingine ya kopo jekundu Mbwana kaituma kwa meli, ya rafiki yako.

Tena mwambie rafiki yako, siku nyingine kabla ya kuwasha, afungue kwanza ile kamba ya nanga. Mashua iliyofungwa huzunguka tu, kama mbuzi kwenye kigingi.

Nilitaka nije mwenyewe nimchukue bibi. Sitaweza kusafiri miezi hii. Msiniulize kwa nini. Ila ukweli, babu, naomba: macho ya bibi yakoje?

Hija

*

Mbwamaji
9 Mei 1954

Mjukuu wangu Hija,

Ramadhani imetukuta wazima, tunafunga, na futari ipo.

Nina msiba wa kukupa. Yule rafiki yangu mwenye mashine amekufa, Mungu amlaze pema. Alikuwa mtu mzuri ila kichwa kigumu. Basi kuanzia leo maswali niulize mie.

Sifa nimemwaga, plagi nimesugua inang'aa kama jino la Haiderali. Jana imewaka. Ikazima. Ikawaka, ikazima. Nayasahau mambo yake. Nikikumbuka koki nasahau kibati cha hewa, nikikumbuka kibati, kamba naizungushia kinyume. Albano ananisomea barua zako, namwelewa akisoma, nikifika majini maneno yamebaki shambani kwake. Na Albano anakwenda kwao Songea likizo baada ya wiki hizi tatu. Hakutakuwa na wa kunisomea. Mie sikusoma, unajua. Mie nina kichwa cha hekaya tu, hekaya haitoki humo hata kwa nyundo, lakini koki na skrubu hazikai.

Umeuliza ukweli. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona mwanga na kivuli. Juzi kashika sufuria akidhani ni kifuniko, kiganja kimeungua. Hakulia. Kaniambia tu, nisikuandikie. Sasa nimekuandikia.

Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni mpaka kivukoni. Anasema yeye si gunia. Nikamuuliza, mashine ikikubali, utapanda? Kasema, "Ikikubali nitapanda. Nataka kuuona uso wa huyo atakayezaliwa Tanga."

Nikamwambia nani anazaliwa Tanga. Akanicheka. Kasema macho yake yamefunga, lakini mtu anayetapika kwa kusoma moshi yeye anamwona vizuri kabisa.

Daktari kasema tumpeleke baada ya Idi, kabla hajafunga mizigo yake. Nisaidie, mwanangu. Yaandike kwa namna yatakayokaa.

Babu yako

*

Tanga
20 Mei 1954

Babu yangu, shikamoo. Mwambie bibi macho yake ni mazuri kuliko ya daktari. Itakuwa mwezi wa Oktoba inshallah. Nilikuwa nachelea kusema mapema, lisije likaharibika. Basi tena, mmejua.

Sasa sikiliza. Haya kayasema Mbwana, kuyapanga nimeyapanga mie. Sahau koki, sahau skrubu. Mashine hiyo si mashine. Ni bibi kalala, ni asubuhi, na wewe unamwamsha. Albano akusomee haya mpaka uyafanye hekaya yako.

Kwanza, bibi asitoroke. Kaza mlango pande zote mbili, komeo na kamba.

Pili, mfungulie dirisha apate hewa. Dirisha lake ni kile kiskrubu kidogo juu ya kifuniko cha tangi. Nyumba isiyo na hewa mtu haamki, na akiamka hakai.

Tatu, mpe chai. Hiyo ndiyo koki, ifungue, umngoje anywe. Hapendi kuharakishwa.

Nne, kuna baridi, mfunike shuka usoni. Ndicho kile kibati cha kuziba hewa.

Tano, mfunge kilemba. Kamba juu ya kichwa chake, kuelekea kulia, kama wanavyofunga wanawake wa kwenu.

Sita, mvue kilemba hicho kwa mkupuo mmoja. Si kumtekenya. Mvue kama mtu mwenye haraka na roho mbaya. Ataamka na hasira.

Saba, akishaanza kusema, mfunue shuka taratibu, vinginevyo atakosa pumzi.

Mwisho, mtazame nyuma. Kila aliyeamka lazima aende haja ndogo. Ukiona maji yanatoka nyuma, mambo mazuri, nenda naye Magogoni. Usipoyaona, mzime haraka, anaungua ndani.

Bibi akisikia haya atanipiga. Umwambie yametoka kwa Mbwana.

Hija

*

Mbwamaji
11 Julai 1954

Kwa Hija, binti wa binti yangu, na kwa Mbwana, fundi,

Shikamoo zenu tumezipokea toka huko mliko kabla hamjazituma. Albano karudi jana tu kutoka Songea, sikumwacha hata apumzike, nimemkalisha aandike. Kaleta mahindi yake, anatafuna huku anaandika, msishangae mkiona punje.

Nianze na siku yenyewe. Ilikuwa siku chache baada ya Idi, bahari imelala kama mkeka. Bibi yako kavaa kanga mpya, kajitia udi kama bi harusi. Wanawake wamemshika mikono mpaka kwenye mashua, kakaa katikati, hakushika kitu. Mie nikakaa nyuma, nikaanza. Maana maneno yako, mwanangu, yalikaa. Nilikuwa nayasema kwa sauti usiku na mchana, watoto wa Mbwamaji wameyafanya wimbo wa kurukia kamba.

Nikasema mlango. Nikasema dirisha. Nikasema chai, kunywa bibi. Nikasema shuka. Bibi yako kageuka na uso wake ule usioona, kauliza mie naongea na mwanamke gani. Nikamwambia na wewe. Nikafunga kilemba, nikakivua kwa roho mbaya, ikaguruma mara moja. Nikafunua shuka, nikatazama nyuma, ikakojoa vizuri sana, maji membamba yanarukia juu. Nikampungia Haiderali mkono. Nikaondoka, na safari hii kamba ya nanga ilikuwa ndani ya mashua.

Tulikwenda, Hija. Mie nimepanda vyombo toka ziwa la kwanza la mama yangu, lakini kwenda bila kushika kamba ya tanga wala kasia, unakaa tu kama gavana, hilo lilikuwa geni. Ningekuwa mtu wa kujisifu ningesema samaki walitoka kutazama. Basi walitoka.

Tulipokaribia mlango wa bandari, pale maji yanapovuta kwa nguvu, bibi yako kasema harufu ya petroli inampanda kichwani kama homa. Mie, kwa mapenzi, nikakaza kila kilichokazika kwenye lile tangi, harufu isitoke. Tukaenda kidogo. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Nikavuta. Nikavuta tena. Maji yanatupeleka upande wa mawe, mie nayaona, yeye hayaoni. Niliona mawe, niliona siku ya daktari inapita, na nilikuona wewe. Kilemba kikaanza kuteleza. Nikaanza tena toka mwanzo, mlango, mlango, mlango, hakuna kingine kilichokuja.

Bibi yako kainamisha kichwa kama anasikiliza mtu wa mbali. Halafu kasema, "Marijani, dirisha."

Nikamwambia nyamaza mke wangu, niko kazini.

Akasema, "Umelifunga dirisha. Hapo mwanzo lilikuwa linanuka, sasa halinuki. Mpe mwenzangu hewa. Mie umeninyima toka siku ya harusi, angalau yeye mpe."

Nikakilegeza kile kiskrubu. Tangi likavuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Chai, shuka, kilemba, mkupuo mmoja. Ikaamka na hasira zake zote, na mawe yakabaki nyuma kwa wenye bahati mbaya. Mpaka Magogoni mkono wa bibi yako ulikuwa juu ya goti langu, kitu ambacho hakukifanya toka tulipokuwa vijana.

Daktari kampasua jicho la kulia. La kushoto daktari atakayekuja atalitazama. Kalazwa, kafungwa kitambaa, na mie nikawa naenda na mashine kila walipokubali wageni, narudi, nikiamsha na kuzima mpaka wavuvi wakaniita Babu Kilemba. Siku ya kumfungua nilivaa kanzu nyeupe na kofia ya lulu, nikajipaka mafuta ya nazi. Nesi kaondoa kitambaa. Bibi yako kapepesa, katazama ukuta, katazama dirisha, kisha kanitazama mie kwa muda mrefu. Kasema, "Huyu mzee wa watu ni nani? Marijani mmempeleka wapi?"

Wodi nzima ikacheka. Mie nami nikacheka, halafu nikatoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi mjini siku ile, muulizeni yeyote.

Sasa yuko hapa mlangoni anachagua mchele, anaona na punje. Kaniona nina matundu matatu kwenye kanzu, kaona nilivyokuwa nikifagia, kaona buibui wote, ananishitaki toka asubuhi mpaka jioni. Nasema alhamdulillahi kwa kila shitaka. Chai ina sukari. Kasema mwezi wa Oktoba atakuja Tanga kwa meli kupokea mtoto, na hiyo mashine ibaki na mie, kwa sababu wake wawili hawasafiri pamoja.

Mbwana, sasa nakuandikia wewe. Albano, andika kwa herufi kubwa. Nilikuita mwizi toka ulipomwoa huyu binti, na ungeleta dhahabu ningeendelea kukuita hivyo. Hukuleta dhahabu. Umenirudishia macho yanayonitazama vibaya kila siku. Mahari nimepokea, mbele ya mashahidi, Albano na Haiderali na mbuzi watatu. Mbuzi mwenye jina lako nimembadilisha, sasa anaitwa Marijani, kwa sababu na mie nilikuwa na wizi wangu mdogo wa maneno, yule rafiki aliyekufa.

Na wewe Hija, mke wangu toka siku uliyozaliwa, nimekuacha. Talaka moja. Ukae kwa fundi wako kwa amani na mtoto atakayekuja, awe na macho ya bibi na mdomo wangu.

Mbili nimezibakiza. Mashine ikigoma, nakurudia.

Marijani wa Mbwamaji

Na mie bibi yenu nimesimama hapa nyuma ya Albano. Kusoma sijui, lakini herufi naziona, nyeusi na nzuri. Mwandishi kaandika kila kitu, nimemwangalia.